Hospitalini Hakuna Mkwe

Minza Masolwa akiingia wodini asubuhi hatazami nyuso kwanza, anatazama viatu. Anapita na ndoo na fagio lake la deki, anainama kila kitanda, na kabla hajanyanyuka ameshajua nani kaja, nani kaondoka, na nani katoka mbali. Akikuta katambuga za matairi zenye vumbi jeupe, anajua hao ni wa Igunga. Kandambili za bluu ni za hapa hapa mjini. Akiviona viatu viwili vya mguu mmoja anacheka peke yake, maana hapo mtu kaletwa kwa haraka.

Nilikaa wodi ya wanawake wiki tatu nikimuuguza bibi yangu, kitanda cha nne. Haya ninayoyaandika niliyaona, mengine niliyasikia dirishani, na machache niliambiwa na mwenyewe Minza wakati tukikunja mashuka.

Hospitali iko mtaa wa Kanyenye. Kibao cha mbele kina jina refu ambalo hakuna anayelitumia, watu wanasema tu kwa Bi Khole, ndiye mwenyewe. Nyumba hiyo ilikuwa ghala la babu yake, enzi za misafara, na wapagazi walikuwa wakitua mizigo uani. Kuta zake ni nene, madirisha madogo, ndani kuna ubaridi hata mwezi wa kumi. Na uani watu bado wanatua mizigo, ila siku hizi ni masufuria, mikeka na viroba vya unga vya ndugu waliokuja kuuguza.

Minza naye aliingia kwa njia hiyo hiyo. Kwao ni Puge. Miaka kumi na tisa iliyopita alikuja na mama yake mgonjwa, akatua mzigo wake pale uani. Mama yule alilazwa kitanda cha dirishani. Alikuwa akiona haya kumwomba muuguzi mwanamume chombo cha haja, kwa hiyo akaacha kunywa maji, na hakumwambia mtu. Walipokuja kugundua, figo zilikuwa zimeshachoka. Alipokufa, Minza alifua mashuka ya kitanda kile mwenyewe, akayaanika, akayakunja, akayarudisha stoo. Bi Khole alimwona, akamuuliza kama anataka kazi. Akasema anataka. Ndiyo hiyo anayoifanya mpaka leo.

Sasa, kwa Bi Khole kulikuwa na utaratibu mmoja: hakuna kinachosogea bila sahihi ya matroni, Sista Adelina. Si mtu mbaya, nisije nikaeleweka vibaya. Zamani wauguzi wawili walibadilishana vitanda bila kuambiana, mgonjwa mmoja akapewa dawa ya mwenzake akafa, na Sista ndiye aliyesimama mbele ya ndugu wa marehemu. Tangu siku hiyo kila kitu kinaandikwa. Ratiba ya zamu iko kwenye ubao mweupe pale varandani, na maka peni inayouandika inakaa mfukoni mwa Sista. Hakuna mwingine anayeigusa.

Minza alikuwa na barua mbili za onyo. Ya kwanza aliipata kwa kuhamisha kitanda kilichokuwa kinavujiwa na mvua bila kumsubiri Sista atoke kanisani. Ya pili ni kwa kumpa mama mmoja shuka la pili kwa siku, wakati utaratibu ni moja. Barua ya tatu kila mtu alijua inasema nini. Ya tatu ni ya kwenda nyumbani, na Minza nyumbani kwake Puge hakuna tena mtu wala jembe.

Mwaka jana ng'ambo ya barabara ikafunguliwa hospitali mpya, ya ghorofa, watu wanaiita ya vioo. Wagonjwa wakaanza kuvuka. Kwa Bi Khole vitanda vikawa vinabaki vimetandikwa tu siku nzima. Basi Jumatatu moja Bi Khole akawaita wafanyakazi wote uani, na sisi wauguzaji tukasikia maana hatukuwa na pa kwenda. Ni mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwembamba, baibui lake linanukia udi mpaka getini. Akasema wenzetu wana vioo, wana lifti, wana mashine ya kupiga picha mpaka mifupa inaona haya, na yeye hata akiuza nyumba na shamba hawafikii.

"Nilichonacho mimi ni nyinyi," akasema. "Na nyinyi nimewafunga mikono."

Akagawa kadi za kijani, kila mtu ya kwake na kamba ya shingoni, kuanzia wauguzi mpaka mpishi. Akaeleza kwamba mwenye kadi akiona mgonjwa anateseka kwa jambo ambalo yeye analiweza, alifanye, halafu ndiyo aje aseme. Asianze kwa kuomba ruhusa.

Shaban, mlinzi wa geti, akauliza kwa hiyo na yeye leo anaweza kupasua mtu.

"Anza na hilo geti," Bi Khole akamjibu. "Linakwaruza tangu Mfungo Mosi."

Watu walicheka, wakavaa kadi zao. Baada ya siku mbili tatu zilikuwa mifukoni. Sista Adelina hakusema neno baya juu ya kadi, alisema tu kwamba kadi ni ya Bi Khole na wodi ni yake. Hiyo ikatosha. Aliyebaki nayo shingoni ni Minza peke yake. Alikuwa akiifuta kila asubuhi kwa kitambaa, kabla hajafuta kitu kingine. Shaban akawa akimwona anamwamkia, "Daktari Minza, shikamoo," na yeye anaitika marahaba bila kusimama, anamwambia funga geti, mbuzi wanaingia.

Jumatano ya wiki iliyofuata, jioni, akaletwa mama mmoja kutoka Igunga, na mwanawe anayeitwa Mahona. Sisi tukawa tunamwita Mama Mahona. Alikuwa na jipu kubwa pajani, juu kabisa, na homa inayomtetemesha. Daktari akalikamua na kulifunga saa ile ile. Akasema ni lazima kidonda kisafishwe kila asubuhi na sindano zisikatike, la sivyo sumu itaingia kwenye damu. Akapewa kitanda cha sita.

Asubuhi ya Alhamisi zamu ya wodi yetu ilikuwa ya Renatus. Huyu ni kijana wa Tura, mpole, sindano yake hata huisikii. Bibi yangu alikuwa akimwombea dua kila akiondoka. Aliingia anasukuma toroli la vidonda, anaimba kidogo kidogo kama kawaida yake. Akafika kwenye kitanda chetu, akainua macho, akaona kitanda cha sita. Wimbo ukakatika. Aliliacha toroli katikati ya wodi akatoka, anarudi kinyumenyume kama mtu aliyekanyaga nyoka. Mama Mahona naye alikuwa amevuta kitenge akafunika uso wote, akageukia ukutani.

Mimi nilidhani ana baridi. Minza alikuwa chini ya kitanda cha pili anadeki. Akaacha kudeki.

Wengine wanaosoma hapa huenda si wa huku, kwa hiyo nieleze. Kwetu mwanamume hamsogelei mama mkwe wake. Hawapeani mkono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anapisha anaingia majanini. Si chuki hata kidogo. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote, na mtu mzima akiivunja anabeba aibu hiyo mpaka kaburini. Renatus alikuwa amemwoa binti wa Mama Mahona, na mkewe huyo alikuwa amemwacha kijijini Tura. Na kidonda kilikuwa pale pajani.

Renatus alimfuata Sista varandani, na mlango ulikuwa wazi.

"Sista, yule mama wa kitanda cha sita, nimemwoa binti yake."

"Hongera."

"Siwezi kumsafisha kidonda, Sista."

"Hospitalini hakuna mkwe, Renatus. Kuna mgonjwa na kuna muuguzi. Nenda."

Hakwenda. Alisimama nje ya mlango wa wodi ameushika ukuta. Saa tatu ikapita, saa nne ikafika, kidonda hakijaguswa, sindano haijachomwa. Sista akaja mwenyewe, akamwambia Mama Mahona afunue mguu, hapa kila mtu ni sawa. Sauti ikatoka chini ya kitenge, ndogo lakini haitetemeki, ikaomba aitwe Mahona, anataka kurudi kwake. Sista alikuwa ameshakunja mikono ya gauni, nadhani angemhudumia yeye mwenyewe, lakini wakamwita mbio chumba cha upasuaji, kuna mzazi mtoto amekaa vibaya, na daktari yuko humo humo. Akaondoka anaagiza kwa sauti ya kusikika na wote kwamba asibadilishe mtu chochote mpaka atakaporudi.

Mahona alikuja kutoka uani. Aliinama kwa mama yake, wakazungumza Kisukuma taratibu, halafu akaanza kukusanya vyombo. Bibi yangu akamuuliza, mwanangu unampeleka wapi na homa hiyo? Akajibu kwamba mama anataka nyumbani, akifa afie kwenye heshima yake. Akaenda kutafuta bajaji ya kuwafikisha stendi.

Minza alikuwa amesimama na fagio lake, anatazama zile katambuga chini ya kitanda cha sita. Alikuwa karibu nami, ndiyo maana nilimsikia. Hakuwa anasema na mimi hasa.

"Mama yangu naye alinyamaza hivi hivi," akasema. Kisha akasema, "Na huyu akitoka, Igunga nzima inatoka naye."

Alichukua kitambaa chake cha maji akaenda varandani. Mimi nilikuwa na chupa ya chai ya kujaza maji ya moto, nikatoka nyuma yake. Alisimama mbele ya ule ubao mweupe muda wa kutosha mtu kunywa kikombe cha chai. Halafu akafuta majina mawili. Maka peni hakuwa nayo, akakuta moja kwenye meza ya mapokezi, ya kuandikia maboksi. Akaandika Koleta upande wa wodi ya wanawake na Renatus upande wa wanaume, kwa herufi kubwa zisizolingana, nyingine zimepanda nyingine zimeshuka. Chini kabisa akaandika jina lake mwenyewe, Minza, ili asije akashukiwa mwingine.

Akaenda mlangoni mwa wodi ya wanaume, akamwita Koleta, akamweleza kwa maneno machache. Koleta ni muuguzi mwenye mwili na mwenye kicheko, lakini hapo hakucheka.

"Sista kasema?"

"Kadi imesema."

"Dada Minza, hiyo ni barua ya tatu."

"Kuhesabu najua. Njoo haraka, bajaji inakuja."

Koleta akaja karibu anakimbia, na Renatus akapita upande wa pili hata hawakutazamana. Minza akavuta pazia la magurudumu akakizungushia kitanda cha sita. Nikamsikia anamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," kama mtu aliyekuja kutembea tu nyumbani kwa mtu, na maamkizi yakaenda marefu, mpaka ng'ombe na mvua za huko, na Minza hakuyakatisha. Alipomaliza akamwambia kwamba yule kijana ameshahamia kwa wanaume, huku hataingia tena, na aliyekuja ni mwanamke mwenzake. Kisha tukasikia kitenge kinafunuliwa.

Mahona alirudi na bajaji akakuta mama yake anakunywa uji. Dereva akapiga honi mpaka Shaban akamfukuza.

Hapo hadithi ingekuwa nzuri ikiishia. Ila kule wodi ya wanaume kulikuwa na Mzee Yahaya, mwenye nimonia, ambaye sindano yake ilikuwa ya saa sita. Koleta alikuwa ameshalitoa faili lake na kuliweka juu ya toroli ili asisahau. Renatus alipoingia aliliona faili pale, akajua limeshafanyiwa kazi, maana yeye mafaili aliyoyamaliza ndiyo huyaweka juu. Hakuna aliyemwambia vingine. Koleta alikuwa ameitwa kwa haraka, na aliyemwita ni Minza.

Sista alitoka upasuaji saa saba. Akauona ubao. Hakupiga kelele. Aliusoma, akalisoma na lile jina la chini, akapita moja kwa moja wodi ya wanaume akaanza kukagua faili moja moja. Alipolifikia la Mzee Yahaya akamuuliza kama amechomwa sindano ya mchana.

"Mimi nilidhani leo nimesamehewa," mzee akasema.

Alichomwa hapo hapo, na hakudhurika. Lakini Minza alipoambiwa alikaa chini kwenye ngazi za uani na ndoo yake, na Shaban alipopita hakumtania.

Kesho yake, Ijumaa, waliitwa ofisini kwa Bi Khole. Dirisha la ofisi liko mbele ya kamba tunazoanikia nguo, na mimi nilikuwa na kanga mbili za bibi. Nilizianika, nikazianua, nikazianika tena.

Sista alikuwa na barua, imeshachapwa. Alisema hana ugomvi na Minza, Minza ana moyo kuliko wengi, lakini moyo hausomi faili. Akasema jana ni sindano imechelewa saa moja, kesho itakuwa dawa ya mtu kwa mtu, na ndugu wa marehemu hawaji kuisimamisha kadi ya kijani, wanakuja kumsimamisha Adelina. Na hata mimi huku nje niliona ana haki.

Bi Khole akamgeukia Minza, akamuuliza anasemaje.

"Sindano ya mzee ni kosa langu," Minza akasema. "Ningewasimamisha wote wawili mlangoni wakabidhiane. Sikujua kama kuna kukabidhiana. Mimi miaka yote nakabidhiwa ndoo." Nikadhani amemaliza. "Lakini ule ubao, mama, ningeufuta tena."

Nilikuwa nimeshika kibanio cha nguo mkononi, sina cha kubana.

"Kumwondoa naweza, Adelina," Bi Khole akasema. "Ila nikimwondoa kwa hii kadi niliyomvika mimi, kesho nani atavaa ya kwake?"

"Na mgonjwa akifa, atajibu nani?"

"Mimi. Andika na jina langu kwenye barua hiyo. Nimempa mtu mamlaka, sikumpa maarifa."

Sikuona Sista alifanya uso gani. Nilisikia kalamu inakwaruza karatasi, mstari mrefu, kisha anaandika. Baadaye Minza alinionyesha barua ile, kwa kuwa mimi ni wa kukunja naye mashuka. Ile sehemu ya kuachishwa kazi imekatwa kwa wino, imebaki onyo, na wanaoonywa ni wawili: Minza Masolwa, na chini yake mwenye hospitali. Na pembeni Sista ameongeza kwa mkono wake kwamba kuanzia Jumatatu mhudumu Minza atasimama kwenye makabidhiano ya kila asubuhi, kabla ya deki. Wakati wanatoka ofisini nilimsikia Sista akimwambia, "Ndoo itasubiri."

Jumatatu alisimama kweli, kwa nyuma, mikono mgongoni. Sista akawa akisoma kitanda kwa kitanda, na alipomaliza akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Minza akasema mama wa kitanda cha kwanza hajanywa maji tangu jana, kikombe kiko pale pale kilipokuwa. Sista akamtazama, akaandika.

Mama Mahona alikaa siku tisa. Homa ilishuka siku ya tatu, na siku ya tano alianza kutuchekesha. Renatus alikuwa akija kila asubuhi kumjulia hali, anasimama nje ya mlango, upande asioonekana, na Minza katikati. Wote wawili wanasikiana vizuri kabisa. Hata hivyo Renatus anasema, mwulize ameamkaje, na Minza anageuka anauliza ameamkaje, na Mama Mahona anauambia ukuta, mwambie nimeamka vizuri, na huyo binti yangu mbona amekonda kwenye picha aliyotutumia, huyo mume anamlisha nini? Minza anageuka tena. Siku nyingine alikuwa akichoka anawaambia mbona mnanitumia kama simu, basi niwekeeni vocha. Wodi nzima inacheka, na kitenge nacho kinatikisika.

Sijui kama wale wa vioo walipungukiwa na watu. Wao bado wana lifti. Ninachojua ni kwamba wiki yetu ya mwisho walikuja wanawake wawili wenye katambuga, mmoja anamshikilia mwenzake, wakamuuliza Shaban getini wodi ya yule anayejua mambo ya wakwe. Shaban akaita kwa sauti, Daktari Minza, wageni wako. Hilo geti lake siku hizi halikwaruzi.

Na kwenye ubao mweupe kuna safu mpya mwishoni. Imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa Sista Adelina, neno moja: Mkwe. Kila anayelazwa anaulizwa kama ana mkwe humu ndani, na likiwepo jina linaandikwa hapo, zamu zinapangwa kwa kuliepuka. Siku tunaondoka ilikuwa Jumamosi, siku ya kusafisha ubao. Nilimwona Minza anaufuta kwa uangalifu, anazunguka majina. Alipoifikia safu ile ya mwisho akasita, kitambaa juu, akamuuliza Sista aliyekuwa anapita na mafaili kama aifute au aiache.

Sista hakusimama.

"Unaniuliza mimi? Kadi si unayo?"